Sakafu ya Darasa la Saba

Kwa miaka kumi na kitu nilikuwa na kaunta buku moja nene, lenye kava gumu la rangi ya damu ya mzee, na ndani yake nilibandika habari za ajabu za shule. Habari za shule zilizoongoza mkoa sikuzitaka, hizo zina wapenzi wake. Nilitaka zile zinazochapwa pembeni mwa ukurasa, jirani na tangazo la mnada, ambazo mhariri huziweka pale ili kujaza nafasi. Mbuzi aliyekuwa akiingia darasa la pili kila asubuhi mpaka mwalimu wa zamu, kwa uvivu wake, akamhesabu katika idadi ya waliopo. Shule ambayo nyuki walihamia kwenye dari la ofisi, na mwalimu mkuu akaiendesha kwa wiki nzima kutoka jikoni kwa mpishi wa uji. Kaka mkuu aliyechaguliwa kwa kura nyingi, kisha ikagundulika kwamba alishahama shule muhula uliopita.

Niliyoipenda kuliko zote ilikuwa na picha. Kijiji fulani kilimpa fundi wa majeneza kazi ya kutengeneza madawati, na fundi yule, kwa kuwa ndivyo mkono wake ulivyozoea, akayapigilia vishikio vya jeneza kila upande. Wazazi wakaja juu. Watoto wao wakayagombania, maana vishikio vilifaa sana kutundikia mifuko ya madaftari. Katika picha ile mtoto mmoja amekaa nyuma ya dawati, amecheka hadi jino la mwisho, na mfuko wake unaning'inia kwenye kishikio cha shaba. Nilikuwa nikiitazama kila nilipochoka na kazi.

Magazeti yalitufikia yakiwa yamefungia kitu. Nilikuwa nafundisha shule ya msingi katika kijiji cha wachimbaji, upande wa Geita, na gazeti lililosomwa Kagongwa lilipita Kahama likiwa limekunjwa kwenye kikapu cha mtu, na mwisho likaishia kwa mama muuza maandazi wa pale senta. Mama yule alinijua. Akiona neno "shule" kwenye kichwa cha habari alikuwa ananitunzia kipande, kwa hiyo karibu habari zangu zote zilikuwa na doa la mafuta. Nilizibandika kwa uji mzito wa unga wa muhogo, ambao hushika vizuri na haumalizi mshahara.

Ugonjwa huu nadhani niliupata nikiwa mdogo, kwetu Samuye. Baba yangu alikuwa mtu wa ng'ombe na mtama, na siku moja alirudi kutoka mjini Shinyanga na koti la mtumba la rangi ya bluu, koti zuri, zito, la shule ya wasichana ya huko ng'ambo. Kifuani lilikuwa limedariziwa bundi ameshika kitabu. Bibi alipomwona yule bundi alisimama mlangoni na kusema kwamba nguo hiyo haiingii ndani ya nyumba yake, na baba, ambaye alikuwa ameshaipenda, akakaa nje na kisu kidogo akafumua uzi mmoja mmoja mpaka giza likaingia. Bundi akatoka, lakini kitambaa kilichokuwa chini yake kilikuwa hakijapauka, kwa hiyo alibaki bundi wa bluu iliyokolea juu ya bluu iliyochujuka. Baba alichunga ng'ombe na koti hilo kwa miaka. Watu waliopishana naye njiani walikuwa wanamwamkia kwa mbali kidogo.

Mimi kilichonishangaza hakikuwa bundi. Nilichowaza ni kwamba mahali fulani duniani watu wazima walikaa kikao, wakapewa chai, wakanyoosha mikono, na wakakubaliana kwamba alama ya shule yao iwe bundi. Tangu siku hiyo, kila nikisoma kituko cha shule, nauliza kwanza kuhusu kikao. Nani alitoa wazo, na nani alikaa kimya. Niliwacheka sana watu wa vikao hivyo, na sikujiuliza hata mara moja kama na mimi niliwahi kukaa kwenye kimojawapo.

Shule yetu ilikuwa na vyumba vichache na watoto wengi. Mwaka wangu wa pili pale, wazazi waliamua kujenga darasa la saba kwa nguvu zao. Matofali walifyatua wenyewe, mbao zikapatikana, na mwalimu mkuu, mama mmoja mrefu wa Ushirombo, Mkatoliki wa kwenda misa ya kwanza, alikuwa anafika kwenye msingi asubuhi kabla ya mafundi na kuhesabu mistari ya matofali kwa fimbo. Sisi walimu tulimwita Mkuu tu. Mimi aliniita Katibu, kwa sababu kamati ya shule ilinipa kazi ya kuandika mihtasari ya vikao, nami niliifanya kwa mwandiko wangu mzuri, kwenye kurasa za mbele za kaunta buku lile lile la rangi ya damu ya mzee.

Kuta zilipofika juu, likaja suala la kifusi cha kujazia sakafu. Karibu na shule kulikuwa na mwalo wa zamani, yaani mahali ambapo wachimbaji walikuwa wakisaga mawe na kuosha dhahabu, na pale kulibaki malundo ya mchanga wa kijivu ulioshakamuliwa. Mchanga huo wanauita marudio. Wakati ule marudio hayakuwa na thamani yoyote, watu walifukia nayo mashimo ya barabara. Kikao kikakaa, kikakubali, na mzee mmoja wa kamati, aliyewahi kuwa mchimbaji na kuacha vidole viwili chini ya jiwe, akayasomba kwa mkokoteni wake wa ng'ombe. Akina mama wakayashindilia, fundi akapitisha saruji nyembamba juu, na darasa la saba likapata sakafu. Nilivyokuwa nakumbuka mimi, wazo lile lilikuwa la huyo mzee.

Baadaye wilaya ikaleta majalada ya mihtasari yenye mistari iliyochapwa tayari, na kaunta buku langu likabaki halina kazi. Nililigeuza kichwa chini miguu juu, nikaanza kubandika vituko vyangu kuanzia nyuma. Miaka ikaenda. Vituko vikawa vingi, vikavuka katikati ya daftari, vikaingia kwenye kurasa zenye mwandiko wangu wa zamani. Sikuona ubaya. Nani angetaka tena kusoma ajenda za mwaka ule?

Halafu ikaja mitambo mipya ya kuchenjua, ile ya matangi na dawa, ambayo inaweza kutoa dhahabu kwenye mchanga ulioshindikana. Ghafla marudio yakawa mali. Malundo yote ya mwaloni yakaondoka kwa muda mfupi, mpaka yaliyofukia mashimo ya barabara yakafukuliwa, na bodaboda zikawa zinaanguka pale pale zilipokuwa zinaanguka zamani. Katika chumba cha walimu tulitania kwamba hazina pekee iliyobaki kijijini iko chini ya darasa la saba. Mkuu hakuwa anachangia utani huo. Alikuwa anakunywa chai yake na kuangalia ratiba.

Siku moja, ilikuwa miezi miwili kabla ya mtihani wa kumaliza, chaki ziliisha. Nilisimama darasani na kipande kisichozidi ukucha, nikaangalia chini, nikaona saruji imepasuka na mchanga wa kijivu umechungulia kati ya miguu ya watoto. Nikatoa simu nikapiga picha. Wakati wa mapumziko niliituma kwenye kundi letu la tuliosoma chuo pamoja, ambako nilijulikana kama mwenye kuleta vituko, na chini yake nikaandika: "Hii ndiyo shule tajiri kuliko zote nchini. Watoto wanakalia dhahabu, ila mwalimu hana chaki." Wenzangu walivunjika mbavu. Nilirudi darasani nikiwa na furaha, siwezi kudanganya.

Siku ya tatu kichekesho changu kilinirudia kwenye simu kutoka kwa mtu nisiyemjua, kikiwa kimeongezewa maneno. Sasa kilisema kwamba mwalimu mkuu wa shule fulani ya Geita amefukia dhahabu darasani. Siku ya tano redio ikakisoma katika kipindi cha asubuhi cha vituko, kati ya nyimbo mbili, na mtangazaji akacheka vizuri zaidi kuliko mimi. Hakuna aliyetaja kilikotoka. Maneno yakishapita simu nyingi huwa hayana mama, na mimi nikajikausha kama vile nami nimeyasikia redioni.

Wakaanza kuja wanaume wenye viatu vya mpira na vifuko vidogo vya sampo. Waliuliza kwa adabu kama wanaweza kuchota kidogo wakapime. Mkuu akawajibu kwa adabu ile ile kwamba hili ni darasa. Jumapili, watu wote wakiwa kanisani, wengine wakaja na sururu bila kuuliza. Tulipofika Jumatatu tulikuta saruji imevunjwa vipande, mashimo manne yanayofika magotini, na madawati yamerundikwa ukutani vizuri kabisa, kama vile walijali. Darasa la saba likahamia chini ya paa la jiko, kwenye moshi, na mtihani ulikuwa unakaribia. Niliyaangalia mashimo yale. Nilijua kabisa ni mimi niliyeyachimba.

Mkuu aliiona ile picha siku hiyo hiyo, mtu alimwonyesha. Aliishika simu mbali na macho kama kawaida yake, akaitazama kwa muda. Pembeni, chini kabisa, ilionekana ncha ya kiatu cha mtu aliyepiga, kiatu cha plastiki cha kijani. Akainua macho, akayashusha mpaka miguuni kwangu, akarudisha simu kwa mwenyewe. Kisha akaniambia, "Katibu, wasaidie hawa kubeba ubao."

Wiki iliyofuata akaja afisa kutoka wilayani, kijana mpole mwenye faili jipya. Alikaa ofisini na Mkuu, mwenyekiti wa kijiji, yule mzee wa kamati na mimi kama mwalimu wa taaluma. Dhahabu haikumshughulisha sana. Alichouliza ni zebaki. Wachimbaji wa zamani walikuwa wakikamata dhahabu kwa zebaki, akasema, na zebaki ile hubaki katika mchanga, na mchanga huo ndio uliowekwa chini ya watoto. Neno hilo halikuwamo kwenye kichekesho changu. Aliuliza nani aliamua.

Mwenyekiti alikuwa mpya, hakujua. Mzee wa kamati aliangalia mkono wake wenye vidole vitatu, akasema miaka imekuwa mingi, yeye alileta alichoambiwa alete. Nilimkasirikia moyoni, nikamwona anamtupia Mkuu mzigo wake. Afisa alitaka muhtasari wa kikao. Jalada lililetwa, likafunguliwa, na mwaka ule haukuwemo.

"Mimi ndiye mkuu wa shule," Mkuu akasema. "Kilichoingia darasani kiliingia mbele ya macho yangu."

Afisa akamweleza, kwa upole uliozidi kuniumiza, kwamba bila muhtasari itabidi iandikwe kuwa uamuzi ulikuwa wake peke yake, kwamba alijaza darasa na mchanga wenye sumu bila idhini ya kamati. Angevuliwa ukuu, na huenda mambo yakaenda mbali zaidi. Angerudi Ijumaa kuchukua majibu. Mkuu alikuwa amebakiza mwaka mmoja na nusu astaafu. Alimshukuru, akamsindikiza hadi kwenye pikipiki.

Nilikwenda nyumbani mchana ule ule nikafungua sanduku langu. Kaunta buku lilikuwa chini, chini ya vitenge. Niligeuza kurasa nikitafuta mwaka ule, nikaupata kwa kutambua kona ya karatasi, tarehe iliyoandikwa kwa wino wa bluu ikiwa imechungulia pembeni. Juu ya ukurasa huo mzima, kutoka ukingo hadi ukingo, nilikuwa nimebandika madawati ya vishikio vya jeneza. Yule mtoto alikuwa anacheka vile vile.

Wazo la kwanza lilikuwa kulowanisha karatasi pale pale, nitoe kipande, nione kilichoandikwa, kisha nipeleke ukurasa ukiwa safi. Lakini nikawaza kwamba ukurasa uliofunuliwa chumbani kwangu hautaaminiwa na mtu. Watasema nimeuandika jana. Ulitakiwa kufunuliwa mbele yao. Na kulipeleka daftari lile jinsi lilivyokuwa maana yake ni kupeleka ushahidi wa tabia yangu yote: miaka kumi ya kukusanya aibu za shule za watu na kuzichekea. Asingekuwepo wa kuuliza tena kichekesho cha dhahabu kilitoka wapi. Nilikaa kitandani na daftari mapajani. Niliogopa, nami sikuwa mtu wa kuogopa. Siku mbili zilizofuata nilifundisha nikiwa kwenye moshi wa jiko, na Mkuu alipita kila asubuhi na kuniuliza watoto wamefika wangapi, kama kawaida.

Ijumaa nikaingia ofisini na daftari kwapani na bakuli la maji na kitambaa nilichokiazima kwa mpishi wa uji. Wote walikuwepo. Nilibaki nimesimama, maana niliona nikikaa sitasema.

"Ile habari ya redioni niliiandika mimi," nikasema. "Picha niliipiga mimi. Na muhtasari wa mwaka ule uko humu, chini ya hii."

Nikafungua, nikaliweka daftari mezani. Afisa alitazama madawati yenye vishikio vya jeneza, na uso wake ukataka kucheka, akauzuia. Mkuu hakutazama picha, alinitazama mimi. Nikachovya kitambaa, nikakiweka juu ya kichwa cha habari na kusubiri. Uji wa muhogo ukilowana unarudi kuwa uji. Karatasi ya gazeti ikaanza kujikunja kwenye kona, nikaanza kuivuta kidogo kidogo, ikawa inakatika. Dawati la kwanza likatoka likiwa zima. Yule mtoto akachanika katikati ya meno. Nilimkunja kunja nikamweka kando ya bakuli, na nakiri kwamba iliniuma.

Chini yake mwandiko ulikuwa salama. Nililigeuza daftari likae sawa. Afisa akaniomba nisome kwa sauti, kwa kuwa ni mwandiko wangu. Nikasoma majina ya waliohudhuria, nikasoma kufungua kikao, nikasoma taarifa ya mbao. Niliposhuka kwenye ajenda ya tatu sauti yangu ilikuwa bado nzima, kwa sababu nilikuwa najua nitakachokikuta. Nilikuwa nakwenda kumkuta mzee anapendekeza na kamati inakubali, na Mkuu anatoka salama.

Iliandikwa hivi. Mwalimu Mkuu aliuliza kifusi kitapatikana wapi. Mzee wa kamati alishauri changarawe ya kule barabarani, ingawa ni mbali, na akaonya kwamba marudio yana dawa ndani yake, si kitu cha kuweka walipo watoto. Mwalimu Mkuu alisema ushauri huo ni mzuri, ila mikokoteni ni michache. Katibu alisema kwamba marudio yako hapo hapo, na kwamba watoto wa kijiji hiki wamezaliwa na vumbi hilo puani, halitawashinda kulikalia. Wajumbe walicheka. Ikapitishwa.

Nilisoma hadi "Katibu alisema", nikakwama. Nikarudia mstari. Ulikuwa mwandiko wangu, na ile "k" yangu yenye mkia, na wino ule ule. Afisa akasubiri. Nikasoma mpaka mwisho, na sikuweza kumtazama mtu yeyote usoni, zaidi ya wote yule mzee ambaye siku zote hizo nilikuwa nimemkasirikia. Aliniambia taratibu, kwa Kisukuma, nikae chini. "Ikalaga, mayu," akasema, yaani kaa, mama. Nikakaa.

Afisa alinakili ajenda ile yote kwenye faili lake, akapiga picha ukurasa ukiwa bado umelowa. Uamuzi ulikuwa wa kikao, na kikao kilikuwa na majina. Mkuu hakuvuliwa kitu, alistaafu siku yake ilipofika, kwa keki na kitenge. Mimi nilipewa barua ya onyo kwa ajili ya simu, na mwanzo wa mwaka nikahamishiwa upande wa kwetu Shinyanga, ambako nafundisha mpaka sasa. Kuhusu dhahabu, tulikuja kusikia kwamba sampo zilizochukuliwa na wale wa sururu hazikuwa na kitu cha maana. Watu wale hawakurudi hata kuaga.

Watoto walipelekwa kituo cha afya wakapimwa, na kikundi cha watu waliovaa glavu na barakoa kikatoa mchanga wote wa darasani na kuupeleka mbali. Tuliambiwa hakuna aliyeonekana kuwa na tatizo. Nilifurahi kusikia hivyo, lakini darasa lile lilikuwa limekaliwa na watoto wa miaka mingi kabla yao. Mpaka leo nikikutana na kijana aliyesoma pale, sokoni Shinyanga au kituo cha mabasi, tukiamkiana naitazama kwanza mikono yake kama inatulia, maana wanasema zebaki huitetemesha.

Mchanga ulipokwisha kutolewa, kwa kuwa zilikuwa zimebaki wiki mbili kabla ya mtihani na saruji haikuwepo, bibi za kijiji wakaamua sakafu iwekwe kama ya nyumbani. Waliagiza udongo wa kichuguu, ule mwekundu uliosagwa na mchwa, ambao ukilowana na kupigwa unakuwa mgumu kuliko unavyoutarajia. Changarawe ilitoka barabarani, kule mbali, na mikokoteni ikapatikana. Kisha wanawake wakajipanga mistari miwili, kila mmoja na kipande chake cha ubao chenye mpini, tukapiga udongo ule kutoka ukutani kuelekea mlangoni, tukirudi nyuma taratibu, bibi mmoja akiimba na sisi tukimwitikia. Juu yake tungepaka samadi ya ng'ombe ili isitimue vumbi. Huko wilayani nasikia kuna mtu aliipiga picha, shule ya siku hizi yenye sakafu ya Kinyamwezi ya zamani, na ilizunguka kidogo kwenye simu kama kituko. Sikuitafuta.

Mkuu alikuja saa nne akiwa amevua viatu na kujifunga kitenge, akachukua nafasi kulia kwangu. Tulipiga pamoja mistari mingi. Tangu Ijumaa ile tulikuwa tumeongea ya kazi tu. Mwishowe nikashindwa, nikamwomba radhi kwa ajili ya picha, kisha nikamuuliza kile kilichokuwa kinaninyima usingizi. Aliwezaje kukaa mbele ya afisa, akijua anaweza kupoteza kazi yake yote, na asiseme nani alileta wazo lile? Au na yeye alikuwa amesahau?

Alipiga mara mbili tatu kwanza, akihakikisha udongo umekaa.

"Nilikuwa nakumbuka, Katibu," akasema. "Na mimi nilicheka."

Kisha akaniambia niongeze maji upande wangu, maana udongo ulikuwa umeanza kukauka.